Sululu

Nyuzi mbili juu ya sufuri. Ukungu umelala kifudifudi
juu ya kinamasi cha Cloonagarra, katikati ya Ayalandi,
na Malachy Kilduff, miaka sitini na mmoja, goti bovu,
anawasha kijiko cha manjano. Kinakohoa. Kinanguruma.
Leo ni mtaro wa mia mbili na kumi na nne.

Mtaro huu aliuchimba baba yake,
Tadhg, kwa sululu na beleshi,
mnyoofu kama uzi wa mwashi,
ili maji yatoke, tope likauke,
udongo mweusi ukatwe matofali,
uanikwe, upakiwe, uchomwe.

Udongo ule uliivisha viazi.
Ulinunua viatu vya shule, jozi saba,
na jeneza la mama, la mwaloni, lenye vishikio vya shaba.
Mtu asije hapa na mikono laini
akamwambia Malachy moto ule ulikuwa haramu.

Lakini deni halioni haya.
Dervla, mpima maji, mwenye buti kubwa kuliko miguu,
alimweleza jinsi kinamasi kikavu kinavyopumua
hewa kiliyoizuia kifuani miaka elfu tisa.
Akamwonyesha grafu. Grafu hakuielewa.
Alielewa neno moja tu: bado.
Baba yuko kaburini miaka ishirini na sita,
na mitaro yake bado inafanya kazi,
usiku, sikukuu, bila mshahara,
bado inatii amri ya marehemu.

Nani ataiambia basta
kama si mwenye jina lile lile?

Baani, Packie Duignan alicheka hadi akapaliwa:
“Ndege zinapita juu yetu kila dakika tatu, zimejaa watu,
na wewe unaziba mfereji wa kondoo!”
Wote wakacheka. Malachy naye alicheka, kidogo.
Akafuta povu mdomoni.
“Ndege si zangu, Packie.
Mitaro ni yangu.”
Akamnunulia glasi nyingine, maana Packie
naye aliachishwa kazi siku ile ile
walipolipua bomba la moshi la kituo cha umeme,
na watoto wakapiga makofi, na watu wazima hawakupiga.

Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa ufa ulichimbwa kwa makusudi, kwa jasho, kwa mapenzi,
na kuuziba ni ukuta wenyewe:
tope juu ya tope, ligongwe kwa mgongo wa kijiko,
kila hatua kumi, mpaka mwisho wa macho.

Kuvumwani hukua milimita moja kwa mwaka.
Amepiga hesabu: akijaliwa miaka ishirini,
ataacha duniani unene wa kidole gumba chake.
Amekitazama kidole hicho, kucha imepasuka.
Akaona si haba.

Lugha yangu imevipa vitu viwili jina moja:
sululu ni chombo kinachopasua ardhi,
na sululu ni ndege, mdomo umepinda kama chombo kile.
Cha Tadhg kinaning’inia bandani, kimeshika kutu.
Ndege alihama mwaka mitaro ilipokwisha.

Saa sita mchana, simu inatikisika mfukoni.
Dervla ametuma sauti, sekunde kumi na moja:
upepo, upepo, buti kwenye maji,
kisha kitu.
Malachy anazima injini. Anasikiliza mara nne.
Huenda ni filimbi ya mchunga kondoo.
Huenda ni bawaba ya lango la kina Geraghty,
ambayo haijatiwa mafuta tangu enzi.
Hajibu. Anairudisha simu mfukoni,
upande wa ndani, pasipoingia mvua.

Nyuma yake, mtaroni, maji mekundu kama chai
yanakuja kwa mwendo waliofundishwa na baba,
yanafika kwenye tope jipya,
yanasita,
kama mgeni aliyezoea kupita tu
akaambiwa: keti.